Viatu vya Nusu-Landrova

Siku kigari kiitwacho Nusu-Landrova kiliposerereka na kulala ubavu mtaroni pale Kilima Magoti, mzee Octavian alitokea dirishani upande wa juu, msafi, kofia kichwani, kama mtu anayetoka kupiga kura. Mkewe, Verediana, alitokea mlango wa chini, ule uliofungukia kwenye tope. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Laiti mtaro ule ungechimbwa upande wa dereva, pasingekuwa na la kusimulia.

Tena ilikuwa Jumapili. Jumuiya nzima ilikuwa inarudi kutoka misani kwa miguu, na Verediana alikuwa amevaa kitenge kipya cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ambacho hakikuwa kimeguswa hata na vumbi. Wanawake wenzake walimvuta mikono wakamtoa kama wanaong'oa muhogo. Hakuna aliyecheka mbele yake. Walicheka walipofika kwao, kila mmoja kwa wakati wake, na ukisikiliza vizuri, wengine hawajamaliza mpaka leo.

"Kwenye gari lile mimi sipandi tena," alisema Verediana jioni akipepeta maharage. "Hata ulifunge mabawa."

"Mama Doris, lile halikuwa kosa la gari," Octavian alisema. "Ulikuwa upepo. Ulitoka juu ya mlima Hanang ukatupiga ubavuni. Nimemwona kuku wa jirani Gervasi anapita hewani, anaelekea Dirma, na kifaranga kamshika mkia."

"Octavian."

"Naam."

"Upepo?"

"Kidogo," alikubali.

Mtu huyu alikuwa amestaafu udereva wa greda. Barabara za vumbi za Mbulu na Hanang alizichonga karibu zote, na kwa kila barabara alikuwa na habari yake. Kuna moja aliyoinyoosha sana, akasema, hata mbuzi aliyesimama Dongobesh aliweza kumwona mama yake Haydom na kumlilia. Kuna simba aliyelala njiani akagoma kuamka, basi greda likampitia juu taratibu na kumnyoa manyoya ya shingoni, simba akaamka akajiona jike, akaenda kutafuta bwana. Watu walimpenda kwa maneno hayo. Kahawa aliyokunywa kijiweni hakuwahi kuilipia. Tabu yake ni moja tu: siku alipotaka kuaminiwa kwa jambo dogo la kweli, hakuwa na pa kulianzia.

Na sasa alitaka kuaminiwa. Binti yao Doris, aliyeolewa Balangdalalu, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na ubatizo ulipangwa katikati ya mvua za masika. Verediana alishatangaza kwamba ataenda kwa bodaboda.

"Tena nitakuwa mbele yako," alisema, "ili ulione vizuri hilo koti la mvua mgongoni mwangu."

Octavian alilala na maneno hayo. Si kwamba aliogopa wakwe, ingawa wangeuliza tu kwa nini kiti cha mbele kinakuja kitupu huku mama mzaa chema analetwa na pikipiki. Kulikuwa na jingine. Greda lina kiti kimoja. Miaka yote aliyoendesha, Verediana alisimama mlangoni na kumpungia mkono, akabaki na vumbi. Alipokuwa bado binti, Octavian alimwahidi kwamba siku moja atamkalisha pembeni yake na kumpitisha kwenye barabara zote alizochonga, moja baada ya nyingine. Kiinua mgongo kilipotoka, hakujenga nyumba ya kupangisha kama wenzake. Alinunua kile kigari cha kijivu, kile ambacho si teksi na hakijafika kuwa Landrova, na ndiyo maana kikaitwa Nusu-Landrova. Alikinunua kwa sababu ya kile kiti cha pili.

Asubuhi akamwuliza mkewe, kwa upole, ni kitu gani kitamfanya apande.

Verediana alifikiri. "Siku gari lile litakapopanda Kilima Magoti, mvua ikiwa imetoka kunyesha, mimi nimesimama juu naangalia kwa macho yangu. Sio kusimuliwa. Kuona."

"Ukiona utapanda?"

"Nikiona."

Kilima Magoti kiko njiani kutoka kwao kwenda barabara kubwa. Ni kifupi, lakini ni cha udongo mwekundu, ule unaoteleza kama mlenda mvua ikiupata, na jina lake linaeleza namna watu wanavyofika juu. Matairi ya Nusu-Landrova yalikuwa ya lami, tena yamekwisha kashata, yale meno ya juu ya tairi. Yalikuwa na vipara kuliko mwenyewe.

Akaenda dukani kwa Shamimu, pale Dongobesh stendi. Familia ya Shamimu ilikuja zamani kutoka upande wa Kondoa, babu akiuza chumvi na mafuta ya taa, na sasa mjukuu anauza vipuri na matairi, akiwa na kipimo cha upepo kimening'inia shingoni kama daktari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe matairi makubwa kuliko yote uliyonayo. Yale ya matope, yenye meno ya fisi."

Shamimu alichungulia nje, akaliangalia gari, akamrudia mzee. "Kwa gari lile?"

"Kwa hilo hilo. Nimeendesha greda, mimi. Tairi lake lilikuwa refu kunizidi. Siku moja nililala ndani ya moja mvua inanyesha, nikapokea na wageni."

"Baba, tairi hili ukilifunga pale, ukikata kona litasaga bodi. Halafu ni zito. Injini yako ni ndogo. Kila gurudumu litakuwa kama limebebeshwa gunia la mahindi, na mafuta utalinywesha mpaka uchoke. Ukifika lami litalia njia nzima." Akaviringisha jingine kutoka ukutani. "Chukua hili la AT, la njia zote. Linakwenda lami, linakwenda vumbi, linakwenda tope la kiasi. Tena ziko AT za malori, zenye mbavu nene, hizo usiguse. Hili ni jepesi, limetengenezwa kwa magari kama lako. Saizi ni ile ile uliyokuja nayo."

Octavian alilishika, akalibonyeza. "Mbona meno yenyewe kama biskuti?"

"Yanatosha."

"Yanatosha kwa nani? Mimi nina kilima, na juu ya kilima nina mwanamke." Akakuna kidevu. "Niazime nikajaribu, likishindwa nirudishe."

"Tairi si gauni, baba. Likishakanyaga tope si jipya tena."

Akatoka mikono mitupu, moyo umegawanyika. Akikosea mara hii hakuna mara nyingine. Mvua zilikuwa zimeshaanza na siku ya ubatizo inakuja.

Sasa, siku hiyo ilikuwa ya mnada. Kwenye mnada, upande wa kutokea ng'ombe, hukaa Gidahosh, Mbarabaig mrefu mwenye shuka nyeusi na kisu kikali, anayekata katambuga, vile viatu vya wazi, kutoka matairi mabovu. Yeye na Octavian ni watani wa siku nyingi. Wakikutana, mtu wa tatu hukosa pa kuingiza neno.

"Mmbulu," Gidahosh alisema bila kuinua kichwa, "nasikia umefundisha gari kulala."

"Lilichoka. Na wewe nasikia umemkatia viatu kobe."

"Kobe! Nimemkatia twiga. Akarudi analalamika vinambana." Akakaa sawa. "Unataka nini?"

Octavian aliyaangalia yale matairi mabovu yaliyorundikana nyuma ya rafiki yake: ya malori, ya teksi, ya magari ya watalii, ya matope, ya lami. Wazo likamjia likamkalia kichwani kama kofia.

"Nikatie kiatu cha kushoto kutoka tairi la matope, lile la meno makubwa. Cha kulia nikatie kutoka AT nyepesi, lile pale. Halafu nikatie na kingine kutoka tairi la lami."

Gidahosh aliinamia miguu ya rafiki yake, akaihesabu kwa kisu. "Mbona miguu ninayoiona ni miwili?"

"Miguu ni miwili, mashaka ni matatu. Kata."

Kesho yake mvua ilinyesha vizuri. Ilipokatika, watu wa Kilima Magoti walimwona mzee Octavian anapanda kilima na viatu visivyofanana, anafika katikati, anasimama, anatazama mguu huu, anatazama ule, anatikisa kichwa kama hakimu. Kiatu cha meno makubwa kilianza vizuri. Baada ya hatua chache kikajaza udongo, ukashika, ukazidi kushika, mpaka mguu wa kushoto ukawa kama amekanyaga sufuria la ugali wa harusi na hakuomba radhi. Mguu wa kulia, ule wa AT, ulikuwa unachafuka lakini unang'ata. Akashuka, akavua kile cha meno, akavaa cha lami. Hicho cha lami hakikuchelewa. Kilimteremsha mzee kwa makalio kuanzia juu hadi chini, na katikati ya safari akampita katekista aliyekuwa anapanda.

"Tumsifu Yesu Kristo!" mzee alisalimu, kasi imeshika.

"Milele amina!" katekista alijibu, akamgeukia, lakini mzee tayari alikuwa ameshafika bondeni.

Habari zilimtangulia nyumbani. Verediana alimkuta mlangoni anajifuta.

"Watu wanasema umechanganyikiwa."

"Nafanya utafiti."

"Kwa viatu vya kushoto kimoja na kulia kingine?"

"Ndiyo."

Verediana aliangalia ile suruali. Alitaka kusema neno kali, akaliacha. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mtu huyu akijaribu jambo kabla ya kulisema. Akaenda jikoni kumtengea maji ya moto, na huko jikoni akacheka mpaka akashika ukuta.

Octavian akarudi kwa Shamimu kutoa ripoti. Shamimu alimsikiliza mpaka mwisho, pamoja na kisa cha katekista, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Lakini baba, kiatu hakizunguki. Tairi la matope hulitema tope kwa kuzunguka. Wewe ulitembea tu."

"Kwa hiyo nimekosea?"

"Hujakosea. Safari zako ni lami, changarawe na kilima kimoja. AT nyepesi ndiyo yako. Umefika penye jibu kwa njia ya porini."

"Njia za porini ndizo nilizochonga," alisema Octavian, akaridhika kabisa. "Funga zote."

Fundi alipokuwa anafunga, mzee alipiga magoti kukagua ubavu wa tairi kwa kidole, herufi moja moja. Akasimama ghafla. Palikuwa na alama ndogo: mlima wenye vilele, na ndani yake kitu kama nyota.

"Shamimu! Huu si Hanang?"

"Hiyo ni alama ya theluji, baba. Maana yake tairi linaweza kupita kwenye baridi kali, huko Ulaya."

"Ulaya ina mlima gani? Angalia huu mgongo. Angalia hapa ndipo linapokaa wingu. Waliotengeneza tairi hili wamefika Katesh, wamekula na nyama ya pale stendi."

"Baba..."

"Wameuchora kwa mkono."

Jua lilipozama, Dongobesh nzima ilikuwa inajua. Verediana aliambiwa na watu tofauti kabla mumewe hajafika nyumbani, na kila mmoja alimwongezea kilele.

"Nasikia una mlima kwenye magurudumu," alimwambia.

"Njoo uone."

"Nitaona kilimani," alisema Verediana. Na kweli hakwenda kuangalia.

Mvua ikanyesha tena asubuhi ya siku mbili kabla ya ubatizo, ikakatika, jua likatoka na udongo ukang'aa kama umepakwa samli. Gidahosh alifika nyumbani kwao ameshika kiatu kimoja mkononi.

"Nimeleta mwenzake," alisema. "Kile cha AT nilikukatia cha kulia tu. Nimeshindwa kulala. Kiatu kimoja ni kama mjane."

Verediana alikuwa anatafuta cha kuvaa. Viatu vya kanisani havikuwa vya kupeleka Kilima Magoti, na malapa yangebaki njiani. Akaviangalia vile katambuga, kipya na kilichochafuka, akavivuta. Vilikuwa vikubwa. Akavifunga kwa kipande cha kanga kifundoni, akashika njia, Gidahosh akamfuata na fimbo yake.

Watu walikuwa wameshajipanga pembeni ya kilima kana kwamba kuna mbio za mwenge, Gidahosh akajiunga nao. Verediana alianza kupanda katikati, kwenye mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori, akaona haifai: maji yalikuwa yanatiririka humo na chini pamekuwa ute. Akahama kushoto, mbali na mtaro uliommeza. Huko palikuwa na nyasi fupi na mawe madogo yaliyozikwa nusu. Akaenda taratibu, akiweka mguu wote chini. Alipogeuka alikuwa amefika juu, na amefika kwa miguu. Magoti yake yalikuwa makavu. Hakumwambia mtu, lakini aliyaangalia.

Chini, Nusu-Landrova ikanguruma.

Octavian alikuwa amefunga mkanda, kofia ameiweka kiti cha pili kama kushika nafasi. Akaondoka vizuri, matairi mapya yakishika changarawe ya mwanzo, watu wakapiga makofi. Halafu akafanya kile ambacho kila dereva wa greda atafanya mpaka afe: akaingia katikati. Barabara hii aliichonga mwenyewe, katikati ni pake. Magurudumu yakadumbukia mifereji ile. Gari likapanda kidogo, likapunguza, likasimama, likaanza kuzungusha magurudumu papo kwa papo. Tope likaruka. Nyuma ya gari ikaanza kutembea yenyewe, polepole, kuelekea mtaro ule ule.

Makofi yalikatika. Octavian akaondoa mguu kwenye mafuta. Angeweza kurudi nyuma, na maneno ya kujitetea alikuwa nayo tele. Upepo peke yake ulikuwa bado na kazi. Akaangalia kofia kwenye kiti cha pili.

"Octavian!" sauti ya mkewe ikashuka kilimani. "Toka katikati! Rudi kidogo, uje huku kushoto, nilipopita mimi!"

"Huko hakuna barabara!"

"Mimi nimepita wapi, basi?"

Mzee akatoa kichwa dirishani. Kweli, kushoto, kwenye nyasi, nyayo zilikuwa zimepanda moja baada ya nyingine, safi, hakuna hata moja iliyoteleza. Akazikodolea macho. Kila unyayo ulikuwa na vile vibiskuti vidogo vidogo alivyovibeza dukani. Mwanamke yule alikuwa amepanda Kilima Magoti kwa tairi lake.

Akarudi nyuma taratibu, akanyoosha usukani, akaingia kwenye nyasi. Mafuta akayagusa tu, kama anayeamsha mtoto mchanga. Tairi la mbele likakanyaga unyayo wa kwanza, likang'ata. Likakanyaga wa pili. Nusu-Landrova ikapanda, haina haraka, haina kelele, inafuata nyayo za mama mwenye nyumba kama ng'ombe anayejua zizi lake, mpaka pua ya gari ikafika mbele ya katambuga mbili zilizofungwa kanga, ikasimama.

Halafu Gidahosh akapiga fimbo chini.

"Nimemkatia viatu twiga," alisema, "lakini gari kumfuata mwanamke kwa unyayo, hilo sijawahi hata kulitunga!"

Ndipo Kilima Magoti kizima kikalipuka. Octavian alihamisha kofia, akafungua mlango wa kushoto kutoka ndani. Hakuongeza neno, na watu waliomjua waliogopa kidogo.

Verediana aliangalia nyuma, kule chini, zile alama zilizolala moja juu ya nyingine zikifanana. Akainama, akatazama ubavu wa tairi muda mrefu. Akafuta katambuga kwenye nyasi, mguu huu, mguu ule.

"Nimeona," alisema, akaingia, akafunga mlango.

"Nikurudishe nyumbani?"

"Nyumbani nimetoka sasa hivi. Nionyeshe hizo barabara zako."

Jioni ile hawakuonekana mapema. Wapo waliowaona Dirma, wapo waliowaona karibu na ziwa, gari limesimama, mzee ananyoosha mkono huku na huku na mama anaitikia kwa kichwa.

Siku ya ubatizo walifika Balangdalalu pamoja, wamekaa sambamba, na kitenge cha WAWATA hakina doa jipya. Baada ya wali na nyama, wakwe walitoka na vikombe vyao kuzunguka gari. Kulikuwa na tope la kutosha njiani, na wengine walikuwa wamefika kwa kusukumwa. Baba mkwe wa Doris akauliza hayo matairi ni ya aina gani.

Octavian alivuta pumzi, akafungua mdomo.

"Inama hapo ubavuni," Verediana alimtangulia. "Unaona mlima? Ni Hanang. Mzungu anayetengeneza matairi haya alikuja kwetu mvua zikiwa zimeshika, akateleza Kilima Magoti, akalala kwenye mtaro. Nikamtoa mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Nikampa uji. Akalia, akasema mama, nitakuundia tairi. Ile nyota katikati ya mlima ndiyo kibatari changu."

Wakwe waliinama mmoja mmoja, wakasema ahaa, wakaita na wengine waje kuona.

Octavian alibaki amesimama na kikombe mkononi, mdomo bado wazi. Akamsogelea mkewe taratibu, akamnong'oneza.

"Verediana."

"Naam."

"Mzungu?"

"Kidogo," alisema Verediana, akaendelea kuwaeleza habari za uji.